Jumamosi za Kufua Michoro

Katika jukwaa letu la mtandaoni hatuitani kwa majina, tunaitana kwa miji. Mwalimu mstaafu wa fizikia aliyelianzisha ni Tanga. Fundi umeme wa shule moja ya bweni ni Kigoma. Mwenye karakana ya kulehemu milango ni Eldoret. Mimi ni Machakos, na kwa kuwa wengi wao nimewazidi umri, wananiita Mama Machakos. Sijawahi kukutana na hata mmoja ana kwa ana, lakini nikiletewa mchoro usio na jina naweza kusema ni wa nani. Tanga huacha nafasi kubwa kati ya visanduku, kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba. Eldoret hujaza kila pembe.

Tunachochora ni programu za kompyuta. Watu wengi wanajua kwamba programu huandikwa, mstari chini ya mstari, kwa maneno na alama. Sisi hatuandiki. Tunaweka visanduku kwenye skrini, kila kimoja na kazi yake: hiki hupokea namba, kile hulinganisha, kingine huwasha taa. Kisha tunavuta waya kutoka kisanduku hadi kisanduku, na namba hupita ndani ya waya kama maji kwenye mfereji. Kisanduku hakifanyi kazi mpaka maji yakifikie. Nilipolielewa hilo sikuona tena ugumu, maana nimelelewa kwenye shamba la matuta, na kufuata maji yanakoelekea nilianza kufundishwa kabla ya kusoma.

Nina duka la agrovet mjini Machakos, nauza mbegu na dawa za mifugo. Shule niliacha kidato cha nne, na kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa sababu ya friji ya chanjo za kuku: umeme ulikuwa ukikatika nami nisijue chanjo zimepata joto kiasi gani. Nikatafuta njia ya kompyuta kunipimia. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, nikawa nayasoma asubuhi kabla ya kufungua duka, kamusi pembeni. Maneno ambayo hayakuwa kwenye kamusi ndiyo yaliyonipeleka jukwaani, kwa kuwa ni mahali pekee nilipokuta watu wakiyazungumza mambo hayo kwa Kiswahili.

Kila Jumamosi mmoja wetu huanika mchoro wake, yaani huweka picha yake, na wengine huufua. Wananyoosha waya zilizopinda, wanatenganisha zilizopishana, wanaondoa visanduku visivyo na kazi, kisha wanaurudisha ukiwa msafi. Aliyeuleta haruhusiwi kujitetea mpaka wote wamalize. Sheria hiyo ilinifanya nikae kwa muda mrefu nikisoma tu bila kuandika. Siku nilipothubutu kuanika mchoro wa friji, Eldoret ndiye aliyetangulia.

“Mama Machakos, hizi ni waya ama ni barabara ya kwenda kwenu? Kona tu!”

“Barabara ya kwetu iko na lami siku hizi,” nikaandika.

“Nyamaza mama, unafuliwa,” akasema Tanga. “Na hiyo ‘iko na’ tutaifua baadaye. Huko kwenu kila kitu mko nacho, sisi huku tunacho tu.”

“Fueni mchoro. Lugha nitafua mwenyewe.”

Mchoro ulirudi ukiwa nusu ya ukubwa wake na unafanya kazi ile ile. Niliukagua waya kwa waya mpaka nikaelewa kila walichoondoa. Nimejifunza mengi zaidi kwa namna hiyo kuliko kwa kamusi.

Mashine ya kuangulia mayai niliitengeneza kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye anaishi upande wa Lukenya, ambako mume wake huvunja mawe machimboni, kazi inayokuja na kuondoka. Mdogo wangu hufuga kuku wa kienyeji, na wateja wangu dukani kila mara huulizia vifaranga. Tukapatana: mayai yake, mashine yangu. Nilichukua kabati la mbao, nikaliweka kwenye chumba cha nyuma ya duka, nikalitia balbu nne za kuleta joto, feni ndogo na trei za mayai. Katikati nilining’iniza kihisio cha joto kwa waya yake. Kihisio kilipeleka namba kwenye laptopu kuukuu, na mchoro wangu uliamua balbu ngapi ziwake.

Mayai ya kwanza hayakuanguliwa. Tulipoyapasua tulikuta vifaranga waliokamilika, manyoya hadi vidole, wamekufa siku chache kabla ya kutoka. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Grafu ya joto kwenye laptopu ilikuwa mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho, nami niliitazama hiyo grafu mpaka nikaichukia.

“Dada,” mdogo wangu aliniambia, “kuku hajui grafu na anaangua.”

“Nipe mara moja tena.”

“Moja tu. Ikiharibika hii, nauza kuku wote naenda Athi River.”

Haukuwa utani. Alikuwa ameahidiwa kazi katika kiwanda kimoja huko, kazi ya zamu, na angelazimika kupanga chumba karibu na kiwanda na kuniachia watoto wake wawili. Mimi watoto hao nawapenda na nyumba yangu ina nafasi. Lakini yule mdogo kati yao hadi leo analala ameshika sikio la mama yake, na mama yake alikuwa ameanza kumzoesha kulala peke yake. Nililiona hilo nilipokwenda kuchukua mayai.

Jumamosi iliyofuata baada ya mayai hayo ya tatu kuingia wiki yao ya mwisho, ilikuwa zamu yangu ya kuanika. Niliweka picha ya mchoro na kuandika kwamba vifaranga wanafia ndani ya yai, kwamba ni mara ya pili sasa, na kwamba sikuomba kunyooshewa waya, nilikuwa naomba kosa litafutwe. Nikawaeleza pia kwamba mdogo wangu alikuwa anatakiwa kiwandani Jumatatu ya kwanza baada ya siku ya mayai hayo kuanguliwa.

Walijitahidi. Tanga alisema mchoro ni msafi na haoni pa kushika. Mtu wa Mwanza aliuliza kuhusu feni. Eldoret akasema kosa ni la mayai: “Mama, huyo jogoo wenu amechoka, mpeni likizo.” Walisogeza waya moja, wakairudisha. Kufikia adhuhuri jukwaa lilikuwa limenyamaza.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Kigoma.

“Shikamoo mama. Simu yangu imedondoka, kioo chote kimepasuka, picha siioni, naona mistari ya kijani tu. Lakini sauti napata. Hebu nisomee huo mchoro, sanduku kwa sanduku.”

“Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalizane na mteja.”

Mteja alitaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Alipoondoka nilirudisha mlango, nikaketi kwenye magunia ya chakula cha kuku na laptopu mapajani, nikaanza kusoma. Sauti yangu ilinishangaza. Michoro yetu huwa tunaitazama, hakuna aliyewahi kumsomea mwenzake.

“Sanduku la kwanza linapokea joto kutoka kwa kihisio. La pili linauliza kama kihisio kinasoma sawasawa. La tatu ni la uamuzi. Kama kinasoma, joto linapita, linachorwa kwenye grafu, halafu linaenda kwa sanduku la nne kulinganishwa na joto ninalotaka.”

“Samahani mama, hapo hapo. Na kama hakisomi?”

Nilirudi kwenye lile sanduku la tatu.

Sanduku la uamuzi lina kurasa mbili zinazolaliana. Ukurasa wa juu hutumika jibu likiwa ndiyo, wa chini likiwa hapana, na skrini huonyesha mmoja tu kwa wakati. Ukipiga picha, picha inachukua huo ulio juu. Wote waliofua mchoro wangu asubuhi ile walifua ukurasa wa ndiyo. Mimi mwenyewe, kila nilipoufungua, ndio ulionitokea. Nilibonyeza kishale cha pembeni nikatazama chini yake.

“Mama, upo?”

“Nipo. Hakuna kitu. Ukurasa wa chini ni mtupu.”

“Na mtupu unatoa nini?”

“Unatoa sifuri.”

“Sasa sanduku la nne likiambiwa joto ni sifuri, linafanya nini?”

“Linawasha balbu zote nne.”

“Ee, mama yangu,” akasema polepole.

Mengine yalifuata yenyewe. Katika wiki ya mwisho huwa naongeza maji kwenye bakuli za chini, kwa sababu yai linahitaji unyevu ili kifaranga aweze kutoboa ganda. Unyevu huo ulikuwa ukiingia kwenye kiungo cha waya ya kihisio. Kihisio kikawa kinapotea na kurudi, na kila kilipopotea kompyuta iliamini kuna baridi kali, ikawapika vifaranga ndani ya maganda. Grafu haikuonyesha lolote, kwani kisanduku chake nilikuwa nimekiweka kwenye ukurasa wa juu. Kihisio kiliposoma ilichora, kisiposoma ilisubiri tu.

Niliyaandika haya jukwaani kama yalivyo. Tanga alijibu kwamba sote tumefua shati upande wa mbele tu. Eldoret akaandika: “Naomba msamaha kwa jogoo.”

Mchana huo huo, kabla ya kuongeza maji, nilichora ukurasa wa chini: kihisio kikipotea, balbu moja tu ibaki inawaka na kengele ilie. Kiungo cha waya nikakizungushia utepe wa umeme, ingawa sikuuamini sana.

Jumanne mdogo wangu alikuwa amekuja kunisaidia dukani. Nilikuwa nje nikipokea magunia aliponiita kwa sauti iliyosikika hadi ng’ambo ya barabara.

“Dada! Kitu chako kinalia!”

“Balbu ngapi zinawaka?”

“Moja!”

“Basi kiko sawa.”

“Kulia ndio kuwa sawa?”

“Leo, ndiyo.”

Aliniangalia vile watu huniangalia ninapozungumza habari za waya. Nilikausha kiungo, nikatoboa tundu ubavuni mwa kabati na kukitoa nje, mbali na mvuke. Kihisio kikarudi, balbu zikawaka kama inavyotakiwa, kengele ikanyamaza. Mdogo wangu alibaki amesimama mbele ya kabati, mkono mmoja juu yake.

“Kwa hiyo wale wa kwanza walikuwa wakipikwa na hakuna aliyelia.”

“Hakuna.”

Hakurudi Lukenya jioni ile. Alimpigia mama mkwe wake kuhusu watoto, akalala kwangu.

Ijumaa asubuhi tulimkuta wa kwanza ametoboa. Kufikia mchana trei zilikuwa zimejaa vifaranga walioloana, wakigombana na maganda yao. Si mayai yote yaliyoanguliwa. Mengine yalikuwa hayana kitu tangu mwanzo, na wachache walikufia ndani kwa sababu ambayo bado naitafuta. Nimeacha kompyuta ichore grafu ya kurasa zote mbili, kila moja kwa rangi yake.

Jukwaani Tanga ametunga sheria mpya: anayeanika mchoro ausome kwanza kwa sauti, na picha ifuate baadaye. Watu wanalalamika kuhusu bando, lakini wanasoma. Mwanza alisoma wa kwake Jumamosi iliyofuata na kujikamata mwenyewe kabla hatujamgusa.

Vifaranga walipokauka, mdogo wangu alitandika magazeti kwenye katoni, akatoboa matundu, akawapanga vifaranga alionuia kwenda nao. Wengine walibaki kwangu kwa ajili ya wateja. Kisha akatoa simu akatoka hadi mlangoni, na nikamsikia akizungumza na mwanamke wa kiwandani aliyemwahidi kazi.

“Shikamoo mama. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Jumatatu sitakuja… Hapana, si mgonjwa. Nimepata kazi nyumbani.”

Alirudi ndani, akafunga katoni kwa kamba.

“Trei zingine za mayai nilete lini? Kesho?”

“Acha kwanza nioshe kabati kwa dawa,” nikamwambia, “na likauke.”