Sifuri ya Mbele

Sina hasira tena. Mtu akiniuliza habari za mibuni yetu ya kule Mapera, namjibu kama ninayesimulia ya jirani.

Nilikuwa darasa la saba. Kahawa ya mwaka ule ndiyo ingenipeleka sekondari. Baba alikwisha sema, na baba akisema amesema. Zamani chama cha msingi cha wakulima kilituletea dawa ya majani, na bwana shamba aliichanganya mwenyewe sisi tukimtazama. Soko lilipokuwa huria bwana shamba akapotea, kila mtu akawa anajinunulia dukani. Baba akarudi kutoka Kitai na chupa yake na bomba la kupulizia la kuazima.

Akaniita nimsomee karatasi ya chupa. Nikasoma: "Kifuniko sifuri nukta tano kwa bomba moja."

"Vitano," akasema.

"Si vitano, Baba. Sifuri nukta tano."

Akacheka. Baba alisoma ngumbaru akiwa na mvi tayari, na hesabu ndiyo iliyomtoa kifua mbele. "Mwanangu, sifuri ikitangulia haina kazi. Sifuri tano ni tano. Au mwalimu wenu hajafika huko?"

"Na nukta?"

"Nukta ya kupumzikia tu."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Hebu mwache baba yako afanye kazi!" Nikamwacha.

Akapiga dawa shamba zima, mti kwa mti, huku anapiga mluzi. Wiki haikuisha, majani yakaungua kingo, yakapukutika pamoja na matunda machanga. Mama alilia, jamani, alilia kama tumefiwa. Mimi sikulia. Nilisimama kwenye mibuni mitupu nikasikia njaa, basi.

Januari wenzangu walipanda basi na masanduku yao ya bati. Siku hiyo mimi na baba tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Akauliza bila kunitazama, "Ile sifuri nukta tano, mwalimu wenu alisema ni ngapi?"

Nikaokota gunzi, nikalivunja katikati, nikampa kipande kimoja.

Akakigeuzageuza mkononi. "Nusu?"

"Nusu, Baba."

Akaendelea kupukuchua mpaka nikadhani yamekwisha.

"Nusu naijua mimi," akasema. "Si wangeandika nusu?"