Masikio ya Ng'ombe wa Watu

Ng'ombe akikwamwa na kitu kooni, mchungaji wa kwetu haiti mtu. Anamtia kijiti mdomoni asiufunge, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa mfupa au gunzi. Baba alikwisha fanya hivyo mara nyingi na alijisifia mkono wake mwembamba. Kwa hiyo asubuhi ile, mtamba mwekundu alipotokwa na udenda na kulia kwa sauti ya kukwaruza, baba alimpapasa koo lote. Hakukuta kitu. Alipoutoa mkono ulikuwa umekwaruzwa na meno, na vidole vyenyewe vilikuwa vimepasuka kwa jembe tangu zamani. Akanawa, akala ugali.

Mtamba yule hakuwa wetu. Kwetu Iramba, mtu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watu wa vijiji vingine wamtunzie. Anayetunza hupata maziwa na samadi, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Huyu alikuwa wa mzee mmoja wa Ulemo. Ng'ombe wa namna hiyo akifa, unampelekea mwenyewe ngozi na kichwa, aione alama yake iliyokatwa masikioni. Usipokuwa na masikio, umemuuza. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeisahau.

Mtamba alikufa siku ya tatu, miguu ya nyuma ikiwa imelegea. Majirani walikwisha leta visu. Kabla ngozi haijachunwa alitokea bwana mifugo wa serikali ya Mwingereza, mtu wa kutoka mbali, aliyekuwa akizunguka na baiskeli kuchanja ng'ombe. Aliuliza maswali machache. Kuna mbwa mgeni aliyepita kwenye kundi? Alipita, mwezi uliotangulia. Nani amemshika mtamba huyu mdomo? Watu wote wakamtazama baba.

Akawafukuza wenye visu, nao wakaondoka wakinung'unika. Akavaa mipira ya mikono, akapasua fuvu kwa msumeno, akatoa ubongo na kuutia katika chupa ya dawa. Chupa ingepanda lori mpaka maabara ya mifugo, wauangalie kwa hadubini. Mzoga wote akaamuru uchomwe, na ngozi yake, na kichwa.

"Bwana, niachie masikio tu," baba alisema.

"Mate yamefika huko, mzee. Siwezi."

"Lakini ni masikio ya watu."

"Na mkono ni wako. Kesho nenda hospitali ya Singida. Watakudunga sindano za tumboni, siku kumi na nne. Usingoje majibu. Mkono ukianza kuwasha hapo ulipokwaruzwa, hakuna dawa tena."

Baba hakwenda. Nimemkasirikia kwa jambo hili miaka mingi na bado nimemkasirikia, ingawa hoja yake naielewa. Mzee wa Ulemo alikuwa ameshatuma mtu: kama ng'ombe amekufa, masikio yako wapi? Majirani walishuhudia, lakini yeye alisema hao ni wala nyama wenzake. "Nisipokuwa na masikio," baba alisema, "halafu nipotee wiki mbili mjini, watasema nimekimbia." Akaamua kungoja majibu. Karatasi ya serikali ndiyo ingekuwa masikio yake.

Mama alimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Sindano nazo ni za tumboni," baba akajibu. "Basi bora kungoja."

Michubuko ilipona vizuri, na hilo ndilo lililotupumbaza. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto wangu wa kwanza, nami ndiye pekee pale niliyesoma shule ya misheni. Kila asubuhi nilipomwamkia baba niliushika mkono wake nikaugeuza juu na chini. "Huu si mbuzi wa mnada," aliniambia siku moja, akaunyakua.

Barua ilikuja mtama ulipoanza kutoa masuke. Ilikuwa ya Kiingereza, na chini yake bwana mifugo aliandika kwa penseli: Ng'ombe alikuwa na kichaa cha mbwa. Mzee aende hospitali leo. Neno la mwisho alilipigia mstari mara mbili.

Baba alifurahi. Sina neno jingine. Sentensi ya kwanza alinitaka niisome mara tatu, ya pili mara moja. Tuliondoka siku ile ile, mtoto mgongoni, na kwa kuwa Ulemo ni njiani, alisema tupite kwanza kwa yule mzee. Sikubisha. Hilo nalo nimelikasirikia.

Tulimkuta akipukuchua mahindi mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, nikamsomea. Akasema nirudie pale palipotaja ng'ombe. Kisha akainuka, akakung'uta nguo.

"Mwenzangu, nilikukosea," alimwambia baba. "Nitakuletea mtamba mwingine unitunzie."

Mkewe akatoka na togwa katika kata. Baba alinyoosha mkono wa kulia kupokea, kisha akaurudisha, akapokea kwa wa kushoto. Kwa mtu wa rika lake ilikuwa aibu, na wenyeji wakatazama pembeni.

"Mnisamehe," alisema. "Huu mwingine unaniwasha tangu jana. Kama umeingiwa na sisimizi."

Alikuwa bado anatabasamu. Aliinywa togwa yote, akaisifu. Siku nne baadaye, hospitalini Singida, hakuweza kumeza hata maji, na akiletewa kikombe alikuwa akipiga kelele.

Mzee wa Ulemo alitimiza ahadi yake. Mtamba aliletwa kwetu wakati wa matanga, mweusi, alama ile ile imekatwa masikioni. Nilitaka arudishwe alikotoka. Mama alisema ng'ombe hana kosa, akaenda kutafuta kamba.