Mpangaji Niliyemchagua Mwenyewe

Nina nyumba mbili za kupangisha, moja Korogwe na nyingine Mkata. Si zile nyumba za vyumba vingi ambamo watu wanagombania choo na kamba ya kuanikia nguo. Zangu ni nyumba kamili, ndogo, kila moja na uwa wake na mita yake ya umeme, na kila moja hukaa familia moja. Nilizijenga kwa cherehani. Walioshonewa na mimi sare za shule na magauni ya harusi wanajua nilivyokuwa nikiwabana kwenye bei, na wengine wameninunia mpaka leo.

Nilikuwa na sababu ya kuwabana. Mama yangu alipoachwa alirudi kwao Kwamsisi na furushi la nguo kichwani, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mume, shamba la mume, na kuku nao wakahesabiwa kuwa wa mume. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba sufuria. Njia nzima watu walitusalimia kwa sauti ya chini, na kusalimiwa vile kulinikaa rohoni. Nilipoolewa nilimwambia mume wangu wazi kwamba nitajenga changu. Alicheka, akasema jenga. Tunayoishi Korogwe ni nyumba yake, na hizo mbili ni zangu, karatasi zina jina langu. Siku dunia ikinigeuka, nina mlango wa kuingia bila kubisha hodi.

Ndiyo maana nachagua wapangaji kama watu wanavyochagua mkwe. Barua ya mwenyekiti wa mtaa naisoma, lakini mwenyekiti humwandikia kila mtu kwamba ni raia mwema. Dalali ndiyo usiseme, anataka chake aende zake. Mimi nafunga safari asubuhi hadi anapoishi huyo mtu, bila kumwarifu. Nabisha hodi, naomba maji ya kunywa. Wakati anayatafuta, mimi naangalia: uwa umefagiwa au umefagiwa mbele tu? Masizi ya jiko yamepanda ukutani hadi wapi? Majirani wanamwitaje? Mtu anaweza kuvaa vizuri kwa ajili ya mwenye nyumba, lakini ukuta wa jikoni hauna muda wa kujipamba. Mume wangu alizoea kunitania kwamba nimekosa kazi polisi.

Mpangaji wa mwisho wa Mkata aliletwa na wifi yangu, dada yake mume wangu, anayeuza chakula pale stendi. Nilimpenda wifi yangu huyo. Kila Idi nilimshonea nguo bila kumdai, na ufunguo wa akiba wa nyumba ya Mkata ulikaa kwake, maana mimi niko mbali. Akanipigia simu akasema amepata mwanamke mtulivu, Msambaa, amepanga chumba Handeni mjini na anataka nyumba nzima. Nikauliza, mumewe je? Akajibu kwamba mumewe ni mtu wa safari, biashara za mazao, leo huku kesho kule. Desturi yangu ni kuwaona wote wawili. Wifi akasema, "Si mimi nipo hapa? Kikiharibika kitu niulize mimi." Nikaona sawa.

Nikaenda Handeni kama kawaida yangu. Yule mwanamke alifungua mlango kabla sijamaliza hodi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Maji aliniletea kwenye sinia, na alipofika mbele yangu akapiga goti na kuniamkia shikamoo mara mbili, kana kwamba ya kwanza haikutosha. Nikajisemea, huyu kalelewa. Chumba kilinukia udi. Ukuta wa jikoni nao ulikuwa msafi. Nilimuuliza maswali yangu yote, naye akajibu akitazama chini, na kila nilipomtaja mumewe alijibu kwa neno moja tu. Nilidhani ni aibu ya watu wa milimani.

Jioni nilimsimulia mume wangu huku nampakulia ugali. Nilimsifia yule binti, acha tu. Nikasema huyo aliyemuoa ana bahati, na kwamba angekuwa mdogo wangu ningetembea kifua mbele. Mume wangu aliendelea kula, akaomba mboga ya kuongezea.

Nimewahi kupata wapangaji wa kila aina, lakini kama huyo sijawahi. Kodi haikuchelewa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiipitia, maana hununua mahindi na makopa ya muhogo Kang'ata na njia yake ni hiyo hiyo. Alijitolea mwenyewe nisihangaike na mabasi, na nilimshukuru. Alirudi na salamu. Siku moja akarudi na habari kwamba mpangaji ni mjamzito. Nilifungua sanduku langu nikatoa doti ya khanga mpya nikampa ampelekee. Nikikumbuka alivyoipokea ile khanga, akaikunja vizuri akaiweka kwenye mfuko wake, mpaka sasa damu inanichemka.

Siku niliyojua sikuwa nachunguza chochote. Nilikuwa natoka Kwamsisi msibani, mama yangu mdogo alikuwa amefariki. Nilifika Mkata kwa bodaboda ili nipande basi la Korogwe, na kwa kuwa mvua zilikaribia nikaona nipitie nyumbani kwangu nitazame mifereji ya paa. Mume wangu alikuwa ameaga kwamba anakwenda Kang'ata kwa mahindi.

Kutoka njiani nilisikia harufu ya pilau. Uwani kwangu kulikuwa na turubai, masufuria makubwa juu ya mafiga, na wanawake wanamenya vitunguu. Nikakumbuka ujauzito, nikafurahi kwamba mpangaji amejifungua salama. Jirani mmoja, mama wa makamo ninayemfahamu tangu wakati wa kuchimba msingi, aliniona akanyanyuka na kisu mkononi.

"Bi mkubwa umekuja!" alisema. "Tulidhani hutaweza, tukaambiwa una msiba. Pole, na hongera. Leo arobaini ya mwanetu. Wanawake wenye moyo kama wako ni wachache, wallahi. Kumpokea mke mwenzio, ukampa na nyumba!"

Wengine wakadakia hongera. Nilitafuta uso wa kunieleza ni mzaha, nikauona wa wifi yangu. Alikuwa amekaa mkekani, amevaa gauni nililomshonea mimi, na mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya beseni la mchele. Hapo nikajua, na nilijua pia kwamba mtaa mzima ulikuwa ukijua kabla yangu.

Nikaingia ndani. Sikumbuki niliwajibu nini wale wanawake. Yule binti alikuwa kitandani na mtoto, amejifunga khanga yangu. Aliniona akataka kushuka apige goti, nikamzuia kwa mkono. Mtoto alikuwa na paji la uso la mume wangu. Hata asiyeona vizuri angeliona.

"Shikamoo dada," alisema. "Ahsante kwa kuja. Mimi nilijua ipo siku utakuja."

"Nani alikwambia mimi nimekubali?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si ulikuja mwenyewe Handeni kuniangalia? Wifi alinitangulizia habari kwamba bi mkubwa atakuja, nisimtaje mume mbele yako, kwamba umeridhia ila hupendi lisemwe. Na mkataba wa nyumba nikasaini kwa sababu waliniambia wewe ni mtu wa karatasi. Siku ile nilikuogopa sana, dada. Halafu mume wetu akaja akaniambia umenipenda, umesema ningekuwa mdogo wako ungejivunia. Ndiyo nikakubali ndoa. Nilikuwa bado nasitasita."

Kwa hiyo maneno yangu ya jikoni, niliyoyasema nampakulia mtu ugali, yalibebwa mpaka Handeni yakawa posa. Sitasema kwamba dini haimruhusu mume wangu kuoa wa pili, inamruhusu. Angeniambia, ningelia, ningegomba, pengine ningeondoka, lakini ningekuwa nimeambiwa. Yeye alichukua kazi yangu, kile kitu nilichokuwa najivunia kwamba hakuna wa kunidanganya, akanituma nikamkagulie mke. Nyumba niliyojenga niwe na pa kukimbilia siku nikiachwa, ndimo alimomweka.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole, "Lakini wifi, uliridhika mwenyewe. Hukuona kasoro."

Nilimgeukia yule binti nikamwambia ukweli, kwamba siku ile nilikwenda kumwangalia mpangaji, basi. Sikuwa najua kitu kingine. Nilitaka imuume, sitajifanya mwema. Ikamuuma. Alimtazama wifi, akanitazama mimi, kisha akamvuta mtoto kifuani akaanza kuitafuta kandambili yake chini ya kitanda kwa mguu.

"Nitoke lini?" akauliza.

Watu hunishangaa kwamba nilishindwa kumwambia atoke siku ile ile. Lakini nilimwona anavyotafuta ile kandambili, na nilijua njia ya kwenda kwao milimani ina watu wa kusalimia kwa sauti ya chini. Nikamwambia akae. Nikamwambia mkataba una jina lake na langu tu, na kodi atanilipa mimi mkononi, hata kama ni kwa kuuza maandazi.

Nje bodaboda ikasimama. Mume wangu alipita mlango wa nyuma na kreti la soda begani, anaimba chini chini. Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, umening'inia kwenye kidole, ufunguo wa nyumba yangu ambao sikuwahi kumpa. Alipotuona sote chumbani aliteremsha kreti taratibu sana, kama vile tatizo lilikuwa chupa kuvunjika.

Nikanyoosha mkono. Alielewa, akauweka ufunguo kiganjani mwangu, bado una joto la mkono wake.

"Mke wangu," alisema, "nisikilize kwanza."

Wake zake tulikuwa wawili mle ndani, na hakuna aliyeitika.