Kiko Kitupu cha Bibi

Lori la tumbaku likipita hapa Mpanda mjini, harufu yake hunirudisha miguuni kwa bibi.

Kila jioni nilimpasha miguu joto kwa viganja vyangu. Ilikuwa ya baridi hata wakati wa jua kali, na kidonda alichokipata kidoleni alipojikwaa kwenye kisiki kilikataa kupona masika yote.

Nesi wa zahanati alimgusa juu ya mguu akitafuta mapigo, kisha akasema, "Bibi, moshi unabana mishipa, damu haifiki huku chini. Ukiendelea na kiko, mguu huu utakatwa."

Bibi hakubisha. Alifika nyumbani, akakung'uta majivu ya kiko chake, akarudi kwenye kazi iliyotulisha, ambayo ilikuwa tumbaku yenyewe. Kutwa alifunga majani kwenye fito za bani, lile banda la kukaushia, mikono ikinata utomvu, kiko kitupu mdomoni. Majirani walimcheka.

"Mimi navuta upepo," aliwajibu. "Nyie vuteni moshi."

Sijaona tena ugumu kama ule. Aligombana na kila mtu, hata kuku, lakini kile kiko hakikuona moto tena.

Kidonda kilifunga taratibu. Jioni moja niliushika ule mguu nikakuta viganja vyangu ndivyo vya baridi.

"Bibi, mguu wako una joto," nilisema, nikauachia.

"Najua," alisema, akiurudisha mapajani mwangu. "Wewe endelea kushika."