Vifungo vya Mgongoni

Kuna Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mashavu yananiwaka mpaka leo. Mimi niliyezaa tisa, niliyezika mume, niliyeuza samaki wadogo wa sambaza sokoni miaka yote bila kumwinamia mtu, hapa mtaani, kwenye avenue yetu, hakuna anayeweza kunifanya niangalie chini. Jumapili ile peke yake ndiyo inaweza. Kaa hapo, mjukuu wangu, nikuambie. Na usianze kucheka, kucheka kutakuja kwenyewe.

Nilikuwa bibi-arusi wa juma moja. Mimi ni mtoto wa mjini, unajua. Baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa kule Ibanda, mjini Bukavu, karibu na ziwa, na mimi nilikua nikichungulia dirishani namna madame wa nyumba ile anavyovaa: leo gauni, kesho blauzi ya hariri, Jumapili kofia. Shule niliachia mwaka wa nne. Kusoma nasoma polepole, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Lakini kwa mambo ya nguo nilijiona nina diplome. Basi babu yenu aliponioa na kunipeleka kwao Nyantende, kwenye mashamba ya mihogo na maharagi, nilifika na valizi mbili za nguo na pua juu.

Mama mkwe wangu aliitwa Nsimire. Mwanamke mfupi, mkavu, mjane, maneno yake machache. Babu yenu alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Sikumpenda wala sikumchukia. Nilimwona tu kama mtu wa kijijini, mwanamke wa jembe, basi.

Jumamosi mchana aliingia chumbani kwangu akibeba kitu kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Akakifungua juu ya kitanda.

"Kesho njo misa yako ya kwanza huku kwetu," akasema. "Utavaa hii. Inasumbuaka kidogo. Miye ntakuwa hapa nyuma ya nyumba, niko nachambua maharagi. Uniite."

"Aksanti, maman."

Lile neno la mwisho, uniite, halikuingia hata sikio moja.

Ilikuwa libaya, yaani blauzi, lakini si libaya ya kitenge kama hizi tunazovaa. Ilikuwa ya pamba nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa kwa sababu ya uzee, kitu cha zamani sana, masista walikuwa wamemshonea mama mkwe wa mama mkwe wangu. Mikono yake imevimba mabegani halafu inabana mpaka kwenye kifundo. Kola imesimama. Upande mmoja ulikuwa na mikunjo midogo midogo iliyopangwa vizuri. Upande mwingine ulikuwa wazi kutoka juu mpaka chini, na vifungo zaidi ya ishirini, kila kimoja kidogo kama punje ya mahindi na kimevikwa kitambaa. Tena hakukuwa na matundu ya vifungo. Kulikuwa na vitanzi vya uzi, vyembamba, hata kucha haipiti vizuri. Na ndani, pale kiunoni, zilining'inia kamba mbili ndefu za kitambaa.

Jumapili asubuhi nikaivaa vifungo vikiwa nyuma. Nikafika kifungo cha pili, mikono ikakwama. Nikaivua. Nikajisemea: madame wa Ibanda anafungaga vifungo vyake mbele, nilimwona kwa macho yangu, hawa watu wa huku watakuwa hawajui. Nikaigeuza, vifungo mbele.

Mwanangu, shingo ilinikaba kama mtu ananidai roho. Ile sehemu iliyoshonwa kwa ajili ya kifua ikaenda mgongoni ikasimama huko, tupu, kama vichuguu viwili. Sikuiona, maana kioo changu kilikuwa cha kuonyesha uso tu. Zile kamba sikuzielewa hata kidogo, nikazitoa nje nikazifunga ua kubwa juu ya tumbo. Nikajiona mrembo.

Na wakati wote huo mama mkwe alikuwa anapita mbele ya mlango. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili aliuliza:

"Inaenda?"

"Inaenda, maman!"

Mara ya tatu alisimama kidogo. Niliona mikono yake kupitia pazia, imepakwa mafuta, inang'aa. Nikafikiri ametoka kula kitu kizuri jikoni bila kunipa. Ndiyo, mimi bibi yako, ndivyo nilivyofikiri.

Nilipotoka aliniangalia mbele, akaniangalia nyuma. Akafungua mdomo. Mimi nikawa nimeshashika njia, mbele ya wote, kwa hatua za mjini.

Kanisani tulikaa, kwa hiyo mgongo wangu ulijificha kwenye umati. Lakini wakati wa komunyo unajua tunasimama mstari. Nilisikia nyuma yangu sauti za kucheka zinazobanwa na mkono, nikadhani ni watoto. Misa ilipokwisha, uwanjani, kulikuwa na jirani mmoja, Mama Zawadi, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Akanizunguka kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Bibi-arusi," akasema, "weye uko naenda ao uko narudi?"

Wanawake wakapasuka.

"Mabele yake ilihamia mugongo," akasema mwingine.

"Si ni vizuri! Akizaa, mutoto atanyonya kulekule mu mugongo, hatamushusha hata siku moja!"

"Na hii kamba ya tumbo ni ya kufungia nini? Mbuzi?"

Nilipeleka mkono mgongoni. Ndipo nilipovigusa vile vichuguu viwili. Mwanangu, nilitamani ardhi ya Nyantende, ambayo sikuipenda, inimeze mara moja. Ningeweza kucheka pamoja nao, mambo yangekwisha pale. Ningeweza kulia, wangenihurumia. Mimi nilifanya la tatu. Nilipaza sauti:

"Si miye! Ni ule muzee alinipa takataka yake! Kwetu Ibanda kitu sawa hii tunapangusiaka nayo chini. Alijua kabisa. Alitaka municheke!"

Kicheko kikakatika. Nikafikiri nimeshinda. Halafu nikaona Mama Zawadi, yeye na ule mdomo wake, anaangalia chini, na nikajua nani yuko nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo na rozari mkononi. Alifungua kitambaa cha kikwembe alichojitanda mabegani, akanizungushia mimi, akafunika mgongo wangu wote, akafunga fundo kifuani pangu polepole. Na kikwembe kilipotoka juu yake, watu wote waliona libaya aliyovaa chini. Ilikuwa imechanika begani, imeshonwa kwa uzi mwekundu, imechanika tena kando ya mshono. Nzuri yake ilikuwa moja tu. Nzuri yake nilikuwa nimeivaa mimi.

"Twende nyumba, mwanangu," akasema.

Tukatembea njia yote, yeye na bega lake wazi mbele ya watu, mimi nimefunikwa.

Alasiri ile alikuja shangazi wa babu yenu, mzee wa kutembea na fimbo, mtu asiyekula mpaka amesema alilokuja nalo. Aliniita uani. Hakunikaribisha kuketi.

"Umefunga miaka ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na nane, shangazi."

"Kumi na nane, na bado unajivalisha sawa mutoto wa miaka mine. Sasa sikiliza. Unazani masista walikosa akili, kuweka vifungo mu mugongo? Mwanamuke hawezi kujifunga mugongo. Anaita mutu. Mu hii nyumba, bibi-arusi anaita mama mukwe asubuhi ya misa ya kwanza. Nsimire yeye alifungwa na mama mukwe wake. Yule naye, vile vile. Na wakati wa kufunga njo mama mukwe anamuambia mambo ya nyumba, moja kwa kila kifungo: nani ana hasira, nani hakulaka nini, mutoto gani alikufa na tusitaje jina lake mbele ya nani. Ukitoka pale uko mutoto wa nyumba. Weye ulitoka pale uko nini?"

Akaonyesha kwa fimbo mlango wa chumba changu.

"Tangu jua linatoka alinawa mikono," akasema. "Akapaka mafuta vidole vyote, sababu vidole vya jembe vinakwaruzaka kitambaa. Akapita mu mulango. Akakuuliza. Ulimujibu nini?"

"Inaenda," nikasema.

"Inaenda!" Akapiga fimbo chini, akaondoka bila kuaga.

Sasa ungefikiri nilikimbia kuomba msamaha. Hapana. Hapo ndipo aibu yangu kubwa iko, kuliko ile ya uwanjani. Nilifua ile libaya, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitanda, na Jumapili tatu zilizofuata nilienda misani na blauzi yangu ya mjini. Mama mkwe alinipa chakula, alinisalimia, alinionyesha shamba. Alinihudumia kama mtu anavyomhudumia mgeni, vizuri kabisa, bila kukosea. Babu yenu alikuwa anakula kati yetu wawili akiangalia sahani. Nilikuwa na kitanda katika nyumba ile, nilikuwa na kiti, lakini nyumba sikuwa nayo. Ningeweza kukaa hivyo miaka arobaini. Nimeona wanawake waliokaa hivyo.

Jumapili ya nne niliichukua ile libaya nikaenda nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi na kikapo cha maharagi. Nikapiga magoti.

"Maman," nikasema, "sijui kuivaa. Nilisema vibaya. Sijui kuivaa."

Akaendelea na maharagi yake kidogo. Akatupa moja bovu, akatupa la pili.

"Ile asubuhi ilipita, mwanangu," akasema. "Bibi-arusi anafungwaka mara moja tu. Siwezi kukufunga tena, ingekuwa ni mchezo."

Nikaanza kulia. Akasimama, akajipangusa mikono, akaichukua ile libaya kutoka kwangu.

"Lakini lazima ujue," akasema. "Nifunge miye."

Tukaingia chumbani kwake, chumba ambacho sikuwahi kuingia. Akavua ile yake ya uzi mwekundu akanipa mgongo.

Mwanangu, sijawahi kuona mgongo kama ule. Katikati, kushuka mpaka kiunoni, ngozi ilikuwa nyeusi, ngumu, imefanya mabaka kama kisigino. Na kichwani, pale alipoondoa kitambaa, nywele za mbele zilikuwa zimekwisha, kuna mfereji mzima juu ya paji, pale inapopita mugozi, ile kamba ya kubebea mizigo.

"Maman, hii ni nini?" nikauliza, kama mjinga.

"Hii? Ni mihogo." Akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza mbele yangu. "Kila siku ya soko, toka hapa mpaka Bukavu, miaka mingi. Ile ng'ombe tulipeleka kwa baba yako, ulizani ilitoka wapi? Mbinguni?"

Kitanzi cha kwanza nilichoshika kikaniponyoka, na cha pili vile vile. Alisubiri. "Anza ya juu," akaniambia. "Ukianza ya chini itapinda. Kamba za ndani unapitisha mbele, unafunga chini ya kikwembe, hata ukiinama libaya haitapanda." Nikaanza ya juu. Na yeye, kwa kila kifungo, akaniambia jambo moja la nyumba ile. Mengine siwezi kukuambia wewe, ni ya watu waliokufa. Vidole vyangu vya mjini ndivyo vilivyomfunga, na sikuvipaka hata mafuta.

Alienda misani siku ile amevaa libaya yake, kikwembe amekishusha kiunoni ili mgongo uonekane, vifungo vyote vimesimama mstari mmoja. Mimi nilitembea nyuma. Uwanjani Mama Zawadi akamuuliza nani amemfunga vizuri namna hiyo.

"Muke wa mutoto wangu," akasema.

Sikuweza kuinua macho. Kila mtu pale alijua nilichosema Jumapili ile, na yeye alijua wanajua, na alisema hivyo kwa sauti ya kusikika.

Basi nisikilize, nyinyi mnaouliza simu kila kitu. Sikatai simu. Simu ingeniambia vifungo viko nyuma, lakini isingenifunga. Mkubwa akikupa kitu na akakuambia atakuwa karibu, usikimbilie kukijua peke yako. Mwite. Hata kama unajua, mwite, labda anataka kukupa kitu kingine kisichoonekana. Neno "sijui" haliui mtu. Mimi lilinichukua majuma manne kulisema na sikufa. Na ukichekwa, cheka, au lia, lakini usimtupie mwingine aibu yako, zaidi sana yule aliyekuvika. Ukishamtupia, usingoje Jumapili ya nne kama mimi. Nenda siku ileile, kabla ya kula. Utasamehewa, lakini kuna asubuhi ambayo hairudishwi, na hiyo utaibeba. Mimi niko naibeba.

Mungu akulainishie shingo, mwanangu, hii uliyorithi kwangu. Akupe watu wa kusimama nyuma yako, na akili ya kuwajua wakiwa bado hai. Mikono yako isikose kazi, mdomo wako usikose adabu, na watoto wako wakuite unapopita mlangoni pao. Enda na amani.