Nusu Mzunguko wa Skrubu

Gari lilishusha taa lenyewe, giza likatanda barabarani, na mtu akafa.

Dereva aliwaeleza polisi hivyohivyo. Wakamcheka.

Dar es Salaam nzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kusema kama yule dereva ni mkweli au mwongo. Mtu huyo ni mie.

Naitwa Revelian. Nina miaka tisini na moja, nakaa Temeke. Anayechapa haya ni mjukuu wangu Avelina, maana mie na simu hatuelewani. Nimemwambia asirembe hata neno moja. Keshaanza kuniuliza, "Babu, una uhakika unataka watu waisome hii?" Nimemwambia chapa, acha maneno.

Haya.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita, enzi za Mwingereza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka Bukoba, fundi umeme wa magari kwenye karakana ya Singasinga mmoja kule Gerezani. Tena fundi kwelikweli, sio hawa wenu wa siku hizi wa kubahatisha fyuzi. Nilikuwa najua kazi, na nilikuwa najua kwamba najua. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Nilipanga chumba kimoja na Shomari. Yeye mtu wa pwani, Mzaramo wa hapahapa, dereva wa Bwana Mwishehe, tajiri wa nazi na mbata. Shomari alikuwa ananiita Nshomile, yaani msomi, kwa jinsi tulivyokuwaga tunajisikia sie Wahaya.

"Nshomile, hivi kuna kitu usichokijua weye?"

"Kushindwa," namjibu.

Basi anacheka mpaka anakaa chini. Alikuwa mtu mwema, yule. Msafi kupita kiasi, akinywa chai lazima aoshe kikombe hapohapo.

Sasa Bwana Mwishehe alinunua gari kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Gari la Kimarekani, refu, jeusi, na lilikuwa na maajabu yake. Juu ya dashibodi kulikaa kidude chenye kioo cha mviringo mbele. Watu wote walikiita jicho.

Kazi yake ni hii. Unatembea gizani na taa za fulu, zile zinazopiga mbali. Likija gari mbele yako, jicho linaona ule mwanga, lenyewe linashusha taa zako kuwa dimu ili usimpofushe mwenzio. Akishapita, linazipandisha tena. Dereva hagusi kitu.

Mji mzima hapakuwa na gari jingine la hivyo, kwa ninavyojua. Singasinga mwenyewe alilizunguka mara mbili akasema, "Revelian, hii yako." Nikasoma kile kijitabu chake siku tatu, Kiingereza changu cha misheni kikanisaidia. Nikalielewa. Loo, nilivyovimba kichwa!

Miezi miwili kabla ya yale mauti, Bwana Mwishehe alikuja karakana amekasirika.

"Hili jicho halioni! Kila gari tunalopishana nalo wananitukana, taa zangu hazishuki."

Nikafungua kile kidude. Nyuma kuna skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza ukali wa jicho. Nikatia bisibisi, nikaiongeza nusu mzunguko, nikatia tone la rangi kuwa alama. Tukajaribu, taa zikashuka vizuri. Dakika tano, kazi imekwisha.

"Fundi ndiye huyu," Bwana Mwishehe akasema mbele ya watu.

Nikamwambia Shomari, "Hiki kidude usikiguse. Kina watu wake."

"Sikigusi, Nshomile. Naogopa hata kukitazama."

Basi, ikaja siku ya kuamkia Idi.

Magharibi imeshapita, mwezi mwandamo ni uzi tu na umeshazama, barabara ya Kilwa nyeusi tii. Shomari alikuwa anarudi peke yake kutoka Mbagala kupeleka mchele kwa ndugu wa tajiri yake. Pale Mtoni akamgonga mtu. Mtu huyo aliitwa Nassibu, muuza mkaa, alikuwa anasukuma baiskeli yake pembeni na kitenge cha mkewe cha Idi kimefungwa kwenye usukani. Alifia palepale. Ameacha mke, Mwanakombo, na watoto wanne.

Shomari hakukimbia. Alimbeba Nassibu, akamtia kwenye viti vya tajiri yake, damu na masizi ya mkaa vyote, akampeleka mwenyewe polisi.

Akawaeleza, "Taa zilikuwa zinashuka zenyewe. Hakuna gari mbele, zinashuka. Nakanyaga swichi ya mguu zinapanda, nikiachia zinashuka. Sikumwona mpaka yuko mbele ya boneti."

Wakamwambia taa hazijishushi kama hakuna gari. Wakamtia ndani.

Asubuhi ya Idi yenyewe, watu wanatoka kuswali na kanzu mpya, inspekta wa trafiki akaja karakana. Mwingereza, Kiswahili chake cha kuamrisha. Gari limevutwa nyuma yake.

"Wewe unajua gari hii. Mimi rudi saa tisa. Wewe sema, mashine mbovu au mashine nzima. Kama nzima, dereva jela."

Akaondoka.

Mbovu, Shomari anarudi nyumbani. Nzima, anakwenda jela. Nikajiapiza, lazima nipate hitilafu hata kama nitalivua gari lote.

Nikalisukumia ndani ya banda, nikafunga milango, nikaziba madirisha kwa magunia mpaka giza likawa la kutosha. Nikaanza mwanzo, kama inavyotakiwa. Betri, nzima. Fyuzi, nzima. Nikafuata waya mmojammoja na taa ya kupimia, kutoka kwenye jicho mpaka kwenye taa za mbele, nikiutikisa kila mahali unapopinda. Hakuna uliochubuka, hakuna ulioloa. Swichi ya mguu, nikaifungua, safi. Rilei, ile inayobadilisha fulu na dimu, nikaisikiliza inavyogonga, iko sawa.

Saa mbili nzima, jasho linanitoka, sijapata kitu.

Nikabaki na jicho lenyewe. Nikawasha taa za fulu, nikaenda mwisho wa banda na tochi. Nikaiwasha. Taa zikashuka. Nikasema sawa, tochi kali hiyo. Nikachukua koroboi. Koroboi, jamani, utambi na mafuta ya taa! Nikaiwasha kulekule mwisho, hatua ishirini na zaidi.

Taa zikashuka.

Nikaizima, zikapanda. Nikaiwasha, zikashuka.

Mnajua barabara ya Kilwa inavyokuwaga usiku wa kuamkia Idi? Akina mama wamejipanga wanauza mikate ya kumimina, visheti, kashata, kila mmoja na koroboi yake. Shomari alikuwa anapita katikati ya koroboi hamsini, na jicho linashusha taa kwa kila moja.

Alikuwa anasema kweli.

Nikataka kupiga kelele kwa furaha. Ndipo nikajiuliza swali ambalo fundi yeyote angejiuliza. Jicho limekuwa kali hivi tangu lini? Mie nililipima mwenyewe, lilikuwa sawa. Nani kaligusa?

Nikainama, nikalitazama kwa karibu. Skrubu iko palepale nilipoiacha, rangi niliyoipaka kuwa alama haijapasuka. Lakini kioo cha mbele kilikuwa kinang'aa kwa usafi.

Nikatoka mbio hadi kituoni. Askari wa zamu tulikuwa tunafahamiana, akanipa dakika chache dirishani.

Shomari alikuwa bado na damu ya mtu kwenye kola ya shati.

"Shomari, kile kioo cha jicho, kuna mtu kakigusa?"

"Nimekifuta mie jana asubuhi. Usinikasirikie, Nshomile, najua ulinikataza. Lakini ni Idi, ndugu yangu, gari zima nimeliosha, nikaona kile kimebaki na utando wa udi. Nikaona aibu. Nikakifuta kwa spiriti, taratibu, wala sikukisogeza."

"Utando wa udi?"

"Si mama yake Bwana Mwishehe! Kila Alhamisi anaingiza chetezo ndani ya gari, anafunga vioo vyote, analifukiza mpaka Ijumaa mwanawe aende msikitini gari linanukia. Humjui bi mkubwa weye? Vioo vingine navifuta kila wiki. Kile tu ndio nilikiacha, kwa sababu ulisema."

Nikashika nondo za dirisha.

Mmeelewa? Jicho halikuwahi kuharibika. Lilikuwa chafu. Moshi wa udi ulikuwa umeganda kwenye kioo, utando wa mafuta, jicho likawa linaona kwa shida. Ilitakiwa nichukue kitambaa nikifute. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua, safisha kwanza, rekebisha baadaye. Mie kwa majivuno yangu niliruka kwenye skrubu. Nililiongezea ukali ili lione kupitia uchafu. Siku uchafu ulipotoka, ule ukali wote ukabaki.

Nassibu nimemuua mie. Kwa nusu mzunguko wa skrubu.

"Vipi?" Shomari akaniuliza. "Umeona kitu?"

"Bado naangalia."

"Angalia vizuri, ndugu yangu. Wallahi sikumwona yule mtu. Nakutegemea weye tu."

Nilirudi karakana nikitembea. Sikukimbia tena.

Nikajifungia ndani ya banda. Nikawaza jela. Nikawaza Singasinga atakavyonitupa nje, na barua atakayoandika baba yangu kutoka Bukoba. Lakini nisiwadanganye leo, uzee huu. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba watu watasema yule Mhaya kumbe hajui kazi.

Inakaribia saa tisa. Nikachukua bisibisi.

Nikairudisha skrubu nusu mzunguko. Nikapaka alama upya.

Inspekta akaja, nikamfanyia majaribio yote mbele yake kwenye giza la banda. Koroboi mwisho wa banda, taa hazikushuka. Koroboi katikati, hazikushuka. Nikaleta taa ya gari lingine, zikashuka. Nikaizima, zikapanda. Akafurahi mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Mashine nzima?"

"Nzima, bwana."

Akaniletea karatasi. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa misheni.

Avelina ameacha kuchapa. Ananitazama. Chapa, mjukuu wangu.

Mahakamani hakimu alimwuliza Shomari kama ana la kusema juu ya maneno ya fundi. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Akageuka akanitafuta kwa macho, akaniona.

"Huyu nalala naye chumba kimoja," akasema. "Hajawahi kunidanganya. Kama Revelian kaipima kaona nzima, basi nzima. Labda nilisinzia. Labda ni saumu, nilikuwa sijala vizuri. Sijui. Ni mie, mheshimiwa."

Akafungwa miaka mitatu.

Alipotoka alikuwa amekonda, meno mawili hayapo. Hakushika tena usukani wa gari. Akanunua baiskeli, akawa anabeba mkaa kutoka Mbagala, na kila siku anaanzia mlangoni kwa Mwanakombo, mjane wa Nassibu. Anampa gunia la kuuza, anamsalimia, anaondoka. Mwanzo yule mama alikuwa anamfungia mlango. Shomari analiacha gunia nje, anakwenda zake. Alifanya hivyo mpaka mtoto wa mwisho wa Nassibu alipooa.

Na mie alikuwa ananijia kila Krismasi na kuku. "Nshomile, sherehe yenu hiyo." Nami nakula. Nilimla kuku wa Shomari miaka kumi na tano.

Wala msidhani sikutaka kumwambia. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Akishafika, ananicheka kitambi, ananiulizia wanangu, namwacha aondoke.

Mwaka sabini na nne akaugua kifua. Ule moshi na vumbi la mkaa. Akatuma mtu aniite, nikaenda kwake Mtoni, nikamkuta mkekani, mifupa tu. Akawaambia watu watoke, tubaki wawili.

Nikajua leo. Leo ananiuliza, na leo nitasema. Nilishafungua mdomo.

Akanishika mkono.

"Revelian," akasema. Hakuniita Nshomile. "Kuna jambo limenikaa miaka yote hii. Siku ile kwa polisi niliwaambia taa zilijishusha. Nilijitetea kwa woga, nikaitia lawama kazi ya mikono yako. Ningekuponza, ndugu yangu, na weye hujanifanyia ubaya wowote. Sitaki kwenda na hilo. Nisamehe."

Alikuwa ananitazama, analia.

Nami nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akafa Ijumaa yake.

Mnaopenda kuuliza funzo mwisho wa kisa, langu ni hili. Kukosea skrubu ni kosa la fundi, kila fundi analo. Lakini kuna mtu anakuamini mpaka anaacha kuamini alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Ukimdanganya huyo, ataubeba uongo wako maisha yake yote akidhani ni dhambi yake.

Na kama kuna mjukuu wa Shomari wa Mtoni anasoma hapa, nisikilize. Babu yenu hakusinzia. Hakuua mtu. Aliwaambia ukweli tangu usiku uleule.