Raundi Sita na Binti wa Nkowe

Nilipofikisha miaka thelathini na mitatu, hapakuwa na mwanamke wa uzani wa welter huku kwetu kusini aliyewahi kunishinda. Tulikuwa wachache, nakubali, na wengi niliopigana nao niliwafuata Morogoro, Tanga na Dar. Lakini hata huko walinijua. Walijua kwamba napigana nikisonga mbele, nina mkono wa kulia mzito, na raundi za mwisho ni zangu. Nyumbani Nandagala nilikuwa mkulima wa korosho na ufuta kama ndugu zangu wote. Siku tatu kwa wiki nilipanda gari kwenda Nachingwea, ambako kocha wangu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa ametundika mifuko ya mazoezi ndani ya ghala lisilotumika.

Mwaka huo promota mmoja wa Dar alinipigia simu. Alikuwa na pambano la kugombea mkanda, na alinitaka mimi. Kocha akasema nahitaji mtu wa kunitoa jasho mazoezini, akamleta binti mmoja wa kijiji cha Nkowe.

Binti alikuwa na miaka ishirini. Alijifunza ngumi kwa kutazama video kwenye simu, kisha akapigana mapambano manne na kuyamaliza yote kabla ya kengele ya mwisho. Alikuwa mrefu kunizidi, na maneno yake yalikuwa ya vijana wa Dar ingawa hajawahi kufika huko.

"Shikamoo dada," aliniambia. "Nimekucheki kwenye simu mpaka bando limekata. Leo nakuona laivu."

"Marahaba. Vaa glovu."

Raundi ya kwanza nilimfukuza ghala zima. Raundi ya pili, nilipouvuta mkono wa kulia nipige, konde lake la kushoto lilikuwa limeshafika. Sikuliona. Nilijikuta nimekaa sakafuni, natazama viatu vya kocha.

"Samahani dada!" Alikuwa ameogopa kuliko mimi. Akanipa mkono aniinue.

"Kwenye ngumi hakuna samahani," nikamwambia, nikasimama mwenyewe.

Kuna mtu alirekodi, akaisambaza video. Kesho yake sokoni Ruangwa wauza vitunguu walinitazama shavu kabla ya kunisalimia, na haikupita wiki promota akampigia kocha. Alisema ameiona ile video, basi apelekwe aliye bora kati yetu.

Kocha hakunificha. "Yeye ana kasi kukuzidi. Wewe una akili ya ulingoni kumzidi yeye. Nguvu mnalingana. Nikisema najua nani bora, nitakuwa nakudanganya."

"Basi tupigane," nikasema.

Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kwendea sokoni tu, aliniuliza kwa Kimwera huyo aliyeniangusha ni mkubwa kiasi gani. Nikamjibu ni mtoto tu, ana miaka ishirini. Akacheka. Akaniambia alinizaa akiwa na miaka hiyohiyo, na hakuwa mtoto.

Maneno yale yalinitia adabu. Nikaacha kumwita mtoto, nikaanza kumsoma. Nilitazama mapambano yake yote manne, tena na tena. Aliposhambulia hakuwa na kasoro. Lakini kila alipomaliza kurusha kushoto alirudi nyuma moja kwa moja, kidevu juu. Tena hakuwahi kuvuka raundi ya tatu, kwa hiyo yeye mwenyewe hakujua mapafu yake yana nini baada ya hapo. Mimi yangu nilikuwa nayajua. Nililala vizuri wiki nzima.

Tulipima uzito Ruangwa, kwenye mizani ya magunia ya ufuta, watu wakishangilia kila kilo. Wote tulipita. Jumamosi alasiri tukapanda ulingoni katika ukumbi wa hapohapo mjini, raundi sita za dakika mbilimbili.

Mbili za mwanzo alizichukua yeye. Ngumi zake zilikuja tatutatu, na mdomo wangu ukaanza kutoa damu.

"Unapoteza," kocha alisema nilipokaa kwenye kona.

"Najua. Niache."

Raundi ya tatu nikaanza kupiga mwili. Kichwa chake sikukihangaikia. Mbavu, tumbo, mbavu tena. Hakuna anayepigia makofi ngumi za mbavu, lakini raundi ya nne nilimsikia anahema kwa mdomo. Raundi ya tano nikamwachia arushe kushoto, nikaingia ndani ya mkono wake, nikamzamishia kulia chini ya kiwiko. Akapiga goti. Mwamuzi akahesabu hadi nane, naye akasimama.

Raundi ya sita nilitegemea atanikumbatia ili muda uishe. Hakufanya hivyo. Alinijia usoni, akanipiga hadi nikaona kuwa huyu si wa video tu. Tulibadilishana makonde mpaka kengele ilipotutenganisha.

Majaji wawili walinipa mimi, mmoja akampa yeye. Ilikuwa haki.

Alilia kidogo, akanawa uso, kisha akanifuata nyuma ya ukumbi. "Dada, nilikosea wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini niliinuka nikamwonyesha. "Ukipiga, unarudi nyuma kwa mstari. Toka pembeni. Hivi."

Akarudia hatua ile mara tatu, halafu akanikazia macho. "Mbona unaniambia? Si tutakutana tena?"

"Tutakutana. Nikikushinda tena, nataka uwe umekamilika."

Tangu siku ile alikuja Nachingwea kila nilipokuwepo, akanitoa jasho kwa wiki tano. Mpinzani wa Dar niliyegombea naye mkanda hakuwa na kasi hata nusu ya yake. Nilishinda kwa pointi na kurudi kwenye kona nikiwa na mkanda kiunoni. Binti wa Nkowe alikuwa amepewa pambano la utangulizi usiku uleule, akalimaliza raundi ya pili. Baada ya kila konde la kushoto alitoka pembeni.

Kabla hatujaondoka, promota aliniuliza kama yule binti yuko tayari kwa marudiano nami.

"Muulize mwenyewe, huyo hapo."

"Niko tayari," akajibu kabla hajaulizwa.

Tukapeana mikono. Marudiano ni baada ya msimu wa korosho. Amekuwa bora zaidi, na nimechangia kumfanya hivyo. Nitamshinda.